Atarudi Nani

Mama Pasi hakuwa mtu wa kukaa. Kiti kilichokuwa nyuma ya meza yake ya kunyooshea nguo kilibeba mashati yaliyosubiri vifungo, na kama mteja alitaka kupumzika ilimbidi kwanza aombe radhi kwa mashati. Yeye mwenyewe alifanya kazi akiwa amesimama, akala akiwa amesimama, na hata alipozungumza nawe ungedhani anakaribia kuondoka. Lakini sisi majirani tulikubaliana kwamba kutotulia kwake kulizidi tangu binti yake wa mwisho, Kitinda, alipokwenda ng'ambo kufanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa.

Siku ya safari, mizigo ikiwa mlangoni, mama na binti hawakulia. Walitaniana, kama walivyozoea.

"Haya niambie, mwanangu, utarudi lini?"

"Sehemu ya pili ikitoka, mama. Nitakuja tuitazame wote."

Kitinda alicheka, mama alicheka, baba mtu akabeba begi. Kwa Kitinda hayo yalikuwa maneno ya kuagana tu. Kwa mama yake yalikuwa miadi.

Filamu waliyoizungumzia inaitwa *Mazishi Yameahirishwa*, na asiyeijua anahitaji kusimuliwa kidogo. Bwana mmoja bahili na mke wake mbishi wanafariki siku moja, katikati ya ugomvi kuhusu nani aliyeacha jiko likiwaka. Wanarudi nyumbani wakiwa mizuka, na ugomvi unaendelea palepale ulipokatikia. Waombolezaji hawawaoni. Wanachoona ni vikombe vya chai vinavyoisha vyenyewe, na paka wa nyumba anayegeuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Mwishoni mizuka inatoweka, paka naye haonekani tena, nyumba inanyamaza. Mtoto wa marehemu anashika kitasa cha mlango, anakitazama kiti kitupu cha sebuleni, anasema neno moja: "Atarudi." Kisha giza, na majina ya waigizaji.

Atarudi nani?

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Lugha yetu ni tajiri, lakini katika neno hilo haikutuambia kama anayesemwa ni mume au mke. Angesema "watarudi", watu wangekwenda kulala. Kwa neno lile moja, mtaa uligawanyika. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na duka la Mama Pasi, alishika upande wa bwana. Mama Pasi alishika upande wa bibi, akisema mwanamke hawezi kuondoka moja kwa moja akiacha jiko halijulikani limeachwa likiwaka na nani. Kitinda, kwa ukaidi wake, alishika upande wa paka. "Paka naye ni 'atarudi'," alikuwa akisema. "Au mmewahi kusikia mtu akisema paka 'kitarudi'?"

Miaka ikapita. Sehemu ya pili haikuja, ila fununu zilikuja kila mara, na zote zilipitia kwa Fundi Simu, mama mwenye miwani mizito aliyekodi upande wa pili wa duka la Mama Pasi. Simu za watu zilipita mikononi mwake na habari zao zikabaki masikioni mwake.

"Jamani, mmeiona picha ya yule mwigizaji wa bwana?" alisema asubuhi moja. "Amefuga ndevu."

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu. Alivuka barabara na mashine yake mkononi, akaichukua simu, akaitazama picha kwa makini.

"Hizi si ndevu za mtu aliyepumzika," alitangaza. "Angalia mashavuni, zimepunguzwa. Hizi ni ndevu za kazi. Bwana anarudi!"

"Kinyozi, kila kitu kwako ni ndevu," alisema Mama Pasi. "Hebu na mimi nione." Aliisogeza picha mpaka kwenye pembe, ambako vazi jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani. "Hili si gauni la bibi? Tazama mikono yake. Limenyooshwa, mkunjo umesimama wima. Nani ananyoosha nguo isiyovaliwa? Bibi ndiye anayerudi."

"Labda ni pazia, Mama Pasi."

"Pazia lina kola?"

Mteja mwenye nusu kichwa alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na kitambaa shingoni. "Samahani," aliuliza, "mimi narudi lini?"

Wakacheka wote. Mama Pasi naye alicheka, lakini aliiangalia ile picha mara nyingine, na siku hiyo alipanga upya mashati ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Wengine walibishania filamu. Yeye alikuwa akisubiri miadi. Kila fununu ilipovuma alifua shuka za kitanda cha Kitinda, akazinyoosha, akatandika. Fununu ilipokufa, vumbi likaingia, akazifua tena.

Mume wake, mlinzi wa shule, mtu wa maneno machache, aliziona shuka kambani akajua kuna habari mpya.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mke wangu."

"Na subira huvuta heri."

"Basi heri hiyo ni nzito. Miaka yote hii tunaivuta, hata mlangoni haijafika."

"Umenichoka?"

"Zimechoka shuka," alisema mzee, akamsaidia kuzikunja, kila mmoja ameshika ncha zake.

Wala si kwamba Kitinda alikuwa amenyamaza. Alipiga simu mara kwa mara, akaeleza kuhusu mashine za hoteli zinazomeza shuka mbichi upande mmoja na kuzitoa kavu upande wa pili. Lakini kila alipoulizwa kuhusu kuja nyumbani, alisema, "Tuone, mama." Mama Pasi hakulipenda neno hilo. Alisema "tuone" ni mlango usio na kitasa. Kwa hiyo hakuuliza tena. Aliitegemea filamu imwulizie.

Ikafika siku ile. Ilikuwa adhuhuri ya jua kali, umeme umekatika, na Mama Pasi alikuwa ametoa pasi yake ya mkaa. Mezani palikuwa na shati jeupe la Karani wa mahakama, kijana nadhifu aliyependa kola ngumu kama kadi. Mama Pasi alikuwa amemaliza kola na mikono, ameanza mgongo, mara Kinyozi akatoka kibandani mwake akikimbia, simu juu, sauti imempanda:

"Amerudi! Mama Pasi! Amerudi! Njoo umwone!"

Mama Pasi hakuuliza nani. Kwake alikuwa mmoja tu wa kurudi. Aliiacha pasi pale pale ilipokuwa, akatoka. Kiatu kimoja kilibaki chini ya meza. Alimpita Kinyozi kama upepo, akaenda mpaka njia panda ambako magari hushusha abiria, akakinga jua kwa kiganja akatazama huku, akatazama huku. Gari lilishusha mwanamke mwenye begi kubwa. Mama Pasi alipiga hatua kumwendea, mikono imeshaanza kufunguka. Mwanamke akageuka. Hakuwa yeye.

"Yuko wapi?" alimwuliza Kinyozi, aliyekuwa amemfuata akihema. "Umemwona wapi?"

"Nani?"

"Si umesema amerudi?"

Kinyozi aliitazama simu yake. Humo kipande kifupi cha sehemu ya pili kilikuwa kikicheza: kile kiti cha sebuleni, safari hii kinayumba, na mtu amekikalia ametupa mgongo, haonekani uso. Aliizima simu, akaiweka mfukoni.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Nilisema yule wa filamu."

"Aa," alijibu Mama Pasi. "Wa filamu." Akaangalia mguu wake usio na kiatu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Walirudi polepole. Dukani kulikuwa na moshi, na Fundi Simu alikuwa ameinua pasi kwa kitambaa. Mgongoni mwa shati la Karani palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili, na ncha yake ikielekea juu kwenye kola. Karani alipokuja, aliligeuza mara mbili. Alikuwa na haki ya kufoka. Akamtazama Mama Pasi, akaelezwa na Fundi Simu kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Hakuna neno, mama. Nitalivalia koti. Mahakamani hakuna anayenitazama mgongo."

Ndivyo mtaa mzima ulivyojua kile ambacho mume wake alikuwa akikijua peke yake: kwamba Mama Pasi hakuwa akimngoja bibi, wala bwana, wala paka.

Filamu ikatangazwa rasmi. Karatasi zenye picha ya kiti zilibandikwa kila ukuta. Ungetegemea Mama Pasi afurahi, lakini sasa alitamani icheleweshwe. Nilimsikia akimwuliza Fundi Simu kama hakuna fununu ya kuahirishwa, maana jina lenyewe si la kuahirishwa? Maadamu sehemu ya pili haijatoka, ahadi ya Kitinda ilikuwa nzima. Ikitoka, na Kitinda asije, itakuwa imevunjika, na hapatakuwa na kitu kingine cha kungojea. Alianza kunyoosha nguo zilizokwisha kunyooshwa. Simu ilipolia aliiangalia kwanza ikalia kidogo, ndipo akaipokea.

Mzee alitusimulia kwamba Kitinda alipiga jioni ya siku ilipotoka, yeye akiwa anafungua kamba za viatu. Alieleza kuhusu mvua ya huko, kuhusu shuka. Mama Pasi alikuwa akizunguka chumba na simu, sauti imewekwa juu, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Mama, mbona unahema? Unatembea?"

"Nimekaa."

"Hujakaa, mama. Nakusikia."

Mzee alimvutia kiti. Mama Pasi hakukikalia. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba: "Imetoka."

"Nini imetoka?"

"Sehemu ya pili."

Kisha Kitinda akacheka, cheko dogo la mtu aliyekumbushwa kitu cha utotoni. "Kweli? Jamani! Bado mnabishana?" Mama yake hakucheka. "Mama... wewe ulikuwa unangojea ile? Yale niliyosema mlangoni?"

"Sikungojea. Nilikuwa napita tu nikaona imebandikwa ukutani."

"Mama, ule ulikuwa utani."

"Najua ni utani. Filamu yenyewe si utani?"

Kule ng'ambo kulikuwa na mlio wa mashine. Ukakatika, kana kwamba alikuwa ametoka nje. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa imepungua. Alisema likizo aliiomba mwaka uliopita ikakataliwa, akaona aibu kuwaambia. Alisema "tuone" yake ilikuwa hiyo. Alisema ataomba tena, wakikataa ataomba tena, na kwamba hawezi kutaja siku kwa sababu hataki kudanganya mara ya pili.

"Wala mara ya kwanza hukudanganya," alisema Mama Pasi. "Ulisema ikitoka. Hukusema siku ileile."

"Mama."

"Naam."

"Usiitazame."

"Nisiitazame?"

"Kabla sijaja, usiitazame. Wala usikubali mtu akusimulie. Mimi huku nitafanya vivyo hivyo. Na paka akiwa ndiye aliyerudi, mtaniomba radhi wote, kuanzia na Kinyozi."

Mama Pasi alikaa. Mzee aliapa mbele yetu baadaye kwamba alimwona kwa macho yake: mke wake alikaa kitini mpaka simu ilipokatika. Kisha akainuka kwenda kuangalia kama shuka za Kitinda zimekauka.

Filamu ikawa inaonyeshwa kila siku, na mtaa ukapata kazi mpya, ngumu kuliko kubishana: kunyamaza. Kinyozi aliiona, akatoka akiwa ameuma mdomo. Aliwaonya wateja wake wote, na aliyekuwa na ulimi mrefu alimnyoa akiwa na wembe karibu na koo na kumweleza polepole. Fundi Simu aliiona mara mbili akatuambia macho yanamuuma, asiulizwe. Mama Pasi alipokaribia, watu walibadili mazungumzo ghafla hivi kwamba tulijikuta tukizungumzia mvua katika kiangazi. Naye alizidi kutotulia. Alikuwa akitutazama nyuso, akijaribu kusoma. Aliyetabasamu alimtia wasiwasi, aliyenuna alimtia wasiwasi zaidi.

Juzi Karani aliingia dukani na koti mkononi, uso umemchangamka. Alikuwa ametoka kuitazama moja kwa moja, na hakuna aliyewahi kumwonya.

"Mama Pasi!" alisema. "Kumbe aliyerudi ni—"

Mama Pasi aliinua pasi. Ilikuwa ya moto, inatoa mvuke. Ng'ambo ya barabara Kinyozi alipiga mluzi mkali, na Fundi Simu akakohoa kikohozi ambacho hata daktari asingekiamini. Karani aliangalia pasi, akamwangalia Kinyozi, akakumbuka shati lake.

"—ni nani vile?" alimalizia taratibu. "Jina limenitoka kabisa."

"Lisikurudie," alisema Mama Pasi. Akaishusha pasi juu ya kola, akaibonyeza, huku macho yake yakiwa yamekwenda njia panda, ambako gari lilikuwa likipunguza mwendo. "Nitamwona mwenyewe."