Bomba la Stesheni

Tulipofukuzwa Kolwezi kwa sababu babu zetu walitoka mkoa wa Kasai, tulilala stesheni pamoja na umati wa watu, tukingojea treni isiyokuja. Baba alikuwa ameitumikia ofisi ya maji ya Serikali tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mitaa. Walimwachisha kazi siku ileile tuliyotolewa nyumbani. Nayasema haya mapema ili mjue hasira yangu inatoka wapi, maana haijapoa.

Bomba la stesheni lilikauka. Kambo, mama yake Baba, alikuwa anaharisha, midomo imempasuka. Baba akavaa koti, akaenda kuwaona wenzake wa zamani ofisini. Aliiamini ile ofisi kama wengine wanavyoliamini Kanisa.

Akarudi mikono mitupu. "Shefu anasema alikuta maji imefungwa. Ba chini yake banangojea shefu aseme. Hakuna mwenye alisema bafunge, na hakuna mwenye alisema bafungule."

"Sasa nani alifunga?" Mama akauliza.

"Hakuna."

Koki kubwa ya bomba lile ilikuwa chini ya kifuniko cha chuma, nyuma ya bohari, karibu tu na mikeka yetu. Baba alikuwa ameizungusha mara nyingi katika maisha yake. Mama akatafuta kipande cha nondo, akakiweka mbele ya magoti ya Baba.

"Tata," akamwambia Baba, "huyu ni mama yako."

"Siko agent wa maji tena. Nikifungula, nani atajibu? Mutu wa Serikali hagusi kitu bila ordre, bila amri ya bakubwa."

"Serikali gani? Ile yenye kutufukuza?"

Baba akatazama reli. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Mimi na Mama tukainua kifuniko wenyewe, tukaihangaikia ile koki mpaka viganja vikachubuka, nayo ikagoma. Ilikuwa na namna yake ya kulegezwa. Tulimwuliza, tukamsihi. Akatugeuzia mgongo.

Kambo alikata roho alfajiri. Kulipokucha, bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji safi. Watu wakakimbilia ndoo. Nani aliyefungua, hatukujua.

Baba akasimama. Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Munaona?" alisema. "Ordre imefika."

Akachukua ndoo, akaenda kupanga mstari na wengine, tupate maji ya kumwosha mama yake.