Dramu Iliyokataa Kulia

Ipo siku moja ambayo huikumbuka kila ninapokanyaga breki, mwanangu, na kwa kuwa nimeendesha gari kwenye barabara za Ufipa zaidi ya miaka ishirini, hesabu mwenyewe nimeikumbuka mara ngapi. Ni siku ambayo baba yangu aliitundika dramu ya breki kwenye boriti ya jiko, akaigonga, na mimi nikamkasirikia.

Kaa kwanza, nikueleze vizuri. Nimekuona na simu yako hapo, unatafuta spea za hilo gari ulilonunua juzi, na kidole kinakwenda mbio kweli. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nanunua mtandaoni mpaka leo. Lakini kabla hujabonyeza hapo, nisikilize kidogo. Simu haitakukimbia.

Wakati huo wa ujana wangu nilikuwa na Haisi nyeupe, nikibeba abiria kati ya Sumbawanga na Namanyere, na watu wakinikodi nikishuka nao bondeni, Muze, kupitia ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa ambao unaujua. Pale stendi nilikuwa mwanamke pekee mwenye kushika usukani, na sikumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Umri wangu ulikuwa miaka arobaini na kitu. Utaniuliza, mama, huo nao ni ujana? Ni ujana, mwanangu. Kila jambo jipya lina ujana wake, na kwenye mambo ya simu mimi nilikuwa mtoto wa kutambaa, tena mtoto mwenye kiburi.

Dramu zangu za nyuma zilikuwa zimechongwa mara nyingi hadi zimebaki nyembamba. Fundi wangu, Didas, akaniambia hazichongeki tena, nitafute nyingine, akaifungua moja nikae nayo nyumbani ya kulinganishia. Nikaingia kwenye simu. Nikakuta ukurasa wa muuzaji mmoja wa mbali, picha zinang'aa, kila boksi lina muhuri, na chini yake wateja wamejaa sifa: mzigo umefika salama, asante bosi. Sikujiuliza kwa nini wateja wote wale wanasifu kwa maneno yale yale. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa nimekutana na kibaya kinachojitembeza hadi mkononi mwangu. Nikaagiza.

Mzigo ulipofika kwa basi sikuupeleka gereji. Niliuzungusha stendi nzima. Nilifungua boksi mbele ya madereva wenzangu, nikawaonyesha, nikawaambia nyie endeleeni kuhangaika na spea za kuokoteza. Kisha nikarudi nyumbani Kasense kula, na boksi nikaliweka mezani kama mgeni wa heshima.

Baba yangu, Mzee Apolinari, alikuwa anaishi nami. Sisi tulimwita Tata. Alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa wale waliochoma mawe ya chuma kwenye malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yamesimama porini kwetu. Majembe ya Ufipa yalilima nchi za watu. Nakuambia hivi ukijua kwamba wewe nawe umetoka humo, usije ukadhani ujuzi wa chuma ulitufikia ndani ya kontena.

Tata akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Ndiyo hizo?"

"Ndizo, Tata. Orijino kabisa."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapo kwenye boksi."

"Na hilo boksi nalo litashuka Muze?"

Nikacheka, nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Nilidhani nimemmaliza. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Methali hiyo aliitunga muuza majembe mabovu."

Sasa hapa lazima nikueleze desturi ya nyumba yetu. Katika ukoo wetu jembe jipya halikuuzwa chini. Lilifungwa kamba, likatundikwa, na mhunzi akaligonga mbele ya mnunuzi. Chuma kizima kinalia kirefu. Chenye ufa au uchafu ndani kinakohoa. Mhunzi aliyekataa jembe lake ligongwe hakuitwa mwizi, hapana, Wafipa tuna adabu zetu. Watu walimwamkia tu vizuri, wakanunua kwa jirani yake.

Basi Tata akachukua kamba ya katani, akaitundika ile dramu yangu ya zamani kwenye boriti, akaigonga kwa bolti. Ikalia. Ikalia mpaka akatoa kopo lake la ugoro, akanusa, akalirudisha mfukoni, na bado tuliisikia. Akaishusha. Akaitundika ile mpya, akaigonga palepale. Kwa! Basi, imekwisha, kama mtu aliyegonga kigoda.

"Haijalia," akasema.

Mwanangu, nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Tata, dramu si jembe. Haya ni mambo ya mashine, mambo ya kisasa." Naona haya mpaka leo nikitamka maneno hayo. Mtu aliyenilisha kwa kazi ya chuma, mimi namfundisha chuma.

Hakukasirika. Aliitazama sana dramu ile pembeni, akafungua kamba, akaikunja, akaniuliza tu, "Jumamosi mnashuka na kwaya?"

Tulikuwa tunashuka, kweli. Wanakwaya wa kigango chetu, wanawake kumi na wanne, walikuwa wamealikwa sherehe ya kigango kimoja cha bondeni, na gari lilikuwa langu.

"Basi nami niwekee kiti cha mbele," akasema. "Bondeni sijashuka tangu ujana wangu, tulipokuwa tunapeleka majembe na kurudi na chumvi. Kama wewe umeridhika na hizo, na mimi nimeridhika."

Angenigombeza ningepata pa kumjibia. Nilibeba boksi langu kwenda gereji, na njia nzima nikimwona Tata pale kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, tunaanza kuuacha uwanda na kuteremka zile kona. Hapo ndipo roho ilipoanza kunisuta. Wanawake kumi na wanne sikuwa nimewaona. Nilikuwa nimeona kwaya, nimeona safari. Baba yangu alipochukua kiti, kila kiti kikapata mtu. Mama Oresta, kiongozi wa kwaya, ana watoto sita. Kwa nini nilihitaji mtu wa damu yangu ndipo nijiulize kama chuma kile ni kizima?

Didas alikuwa ameshafungua tairi la nyuma. Nikamwambia, subiri. Nikaomba kisu. Nikaanza kuikwangua ile rangi nyeusi inayong'aa, pembeni, pale Tata alipoitazama sana. Chini ya rangi pakatoka kitu cha kijivu, laini, kinakwanguka kama unga mkavu. Walikuwa wameziba kwa lipu ile wanayozibia mabodi ya magari yaliyogongwa. Chini ya lipu kulikuwa na vishimo, na kutoka kwenye vishimo umepita ufa mrefu kama kidole changu cha kati. Didas akachukua nyundo, akapiga mara moja tu, tena si kwa nguvu. Kipande kikadondoka.

Tulikitazama pale chini, mimi na yeye.

"Mama," Didas akasema, "hiki kingeachia ukiwa kona ya ngapi?"

Nilikaa juu ya tairi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na mimi niliimba methali hiyo pamoja na wenzangu, nikapata na alama zake.

Muuzaji nilimpigia, akapokea, aliposikia neno ufa akakata, na namba yangu haikuingia tena. Lakini hilo halikuniuma kama lililofuata. Ilibidi niende kwa Mama Oresta, nimwambie Jumamosi gari haliendi na sababu yake, bila kuficha. Kwaya ilishuka na dereva mwingine, Nikasi, na huyo alihakikisha stendi nzima inajua kwamba binti wa mhunzi kauziwa kopo. Nilimeza. Kopo lenyewe, yaani ile dramu mbovu, nililikabidhi kwa Didas alitundike mlangoni mwa gereji, kila mtu alione, na ukipita leo bado lipo.

Nyumbani nilimkuta Tata anaota jua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Tata." Akaitika marahaba, akaniuliza kama nilizigonga. Nikasema nimezigonga, hazikulia.

"Basi tafuta zinazolia," akasema, na suala la nani alikuwa na akili likaishia hapo. Mzee mwenye hekima anajua kuacha, mwanangu. Mimi bado najifunza, ndiyo maana unaona nasema sana.

Nikarudi kwenye simu ileile. Safari hii nikampata mama mmoja wa Mbeya, anauza spea za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya kukatwa. Nikamwomba anipigie kwa video, aitundike dramu na kuigonga. Alicheka sana. "Dada, unanunua spea au kengele ya kanisa?" Lakini aliitundika. Upande wangu nilikuwa nimetundika ile ya zamani kwenye boriti, maana simu nayo inabadilisha sauti, lazima uwe na ya kulinganisha. Tata, mzee wa miaka themanini, alikuwa ameegemeza sikio kwenye simu yangu ya kisasa, macho ameyafumba. Mama wa Mbeya akagonga ya kwanza. Tata akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akagonga ya pili. Kabla Tata hajafumbua macho, yule mama mwenyewe akaacha kucheka. Akagonga tena. Akaigeuza, akaiangalia ndani.

"Hii sikuuzii," akasema. "Ngoja nikutafutie nyingine."

Hapo ndipo nilipompata muuzaji. Mpaka leo nanunua kwake, na siku hizi anagonga kabla sijamwomba. Tena ananiambia wateja wake wengine nao wameanza kudai kusikia. Ukisikia mtu huko Mbeya anataka dramu igongwe kwenye simu, ujue ni desturi iliyotoka kwetu, Kasense, kwenye boriti ya jiko la mama yako.

Zilipofika sikuzizungusha stendi. Nilizikwangua, nikazigonga, nikazipeleka sokoni kwa muuza mahindi nikaziweka kwenye mizani, nione kama uzito wake ni wa chuma kweli. Didas akazipima unene, maana ile ya zamani nayo ililia vizuri ingawa ilikuwa imekwisha. Kulia peke yake hakutoshi. Ndipo tukafunga.

Na Tata alishuka Muze. Nilimpeleka mwenyewe, mimi na yeye na abiria gari zima, na kiti chake kikawa kile cha mbele. Unamkumbuka babu yako, mtu aliyekuwa hasinzii ndani ya gari hata kidogo, kila mara anashika dirisha na kumtazama dereva mguuni. Tulipofika mwanzo wa mteremko nikakanyaga breki, gari likatii. Kona ya kwanza, ya pili. Nikataka kumwonyesha bonde lile linavyofunguka, nikageuka. Tata alikuwa amelala. Mdomo wazi, kofia imemwangukia puani, anakoroma kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Alilala mpaka Muze. Nimewahi kusifiwa na maofisa, nimewahi kupigiwa makofi stendi, lakini sijawahi kuwa na fahari kama ya siku ile. Nililia huku naendesha, nikijifuta kwa kanga.

Basi, mwanangu, nunua huko mtandaoni, dunia yako iko huko. Ila usinunue picha. Mwambie muuzaji akuonyeshe kitu chenyewe, si boksi, akuonyeshe upande unaosuguana, akusomee namba iliyochongwa kwenye chuma, nawe uwe umeshika cha zamani mkononi ulinganishe. Mtumba mzima ni bora kuliko kipya cha kupakwa rangi. Kikifika, kikwangue, kipime, kigonge, na usione haya watu wakikucheka. Anayekasirika ukitaka kuigonga bidhaa yake, mwamkie vizuri, ukanunue kwa jirani yake. Na kabla hujafunga spea yoyote kwenye gari lako, mkalishe kwanza kiti cha mbele mtu unayempenda, hata kama ni kwa mawazo tu, kisha ujiulize tena.

Mungu wa mababu zetu wahunzi akupe sikio la kusikia chuma na moyo wa kusikia watu. Akulinde uwandani na mteremkoni. Na akujalie siku moja mimi mama yako nikae kiti chako cha mbele, tuanze kushuka Muze, nami nisinzie.