Ng'ombe wa Akeyo na Injini ya Nyar Suna

Harufu ya oili iliyoungua huwa haipiti tu. Inaingia puani, inashuka kooni, halafu inakaa hapo unaimeza na mate. Juzi nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yangu hapa Suna nikichambua mboga, mwanangu Ouma akaingia na pikapu yake. Ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, na nyuma yake moshi wa buluu. Harufu ile iliponifikia mikono ilisimama yenyewe. Sikuwa tena nyanya wa watu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, niko juu ya kiti cha lori, miguu haifiki chini.

Ouma alivuta kigoda akakaa kando yangu. Akanieleza kwamba fundi amesema injini ni ya kufungua yote, na kazi hiyo ni karibu bei ya gari lenyewe.

"Mama, wewe ungefanya nini? Tutengeneze ama tuuze skrapu?"

Nilicheka kidogo. Mimi shule niliachia darasa la tatu, na injini sijui hata inafungukia upande gani. Lakini swali lenyewe nalijua tangu zamani. Nilikuwapo lilipoulizwa kwetu, na nilikuwapo jibu lilipokuja.

Baba yangu, Okelo, alitoka ufuoni mwa ziwa, upande wa Homa Bay, akahamia Suna kutafuta riziki. Alipata lori ambalo wengine walikuwa wamelichoka. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na kiti kilikuwa kimepasuka, majani makavu yakichungulia kutoka ndani. Baba alimwita mchoraji mmoja, Nyakundi, akaandika mbele kwa rangi nyekundu: NYAR SUNA, yaani binti wa Suna. Lilibeba dagaa wa omena na samaki wakavu kutoka Homa Bay hadi Isebania, likarudi na mahindi. Sisi tulikuwa Wasabato, na Nyar Suna naye alikuwa Msabato. Ijumaa kabla ya jua kuzama Baba alimwosha kwa maji ya mto, na Jumamosi nzima alisimama uani kimya, safi, kama mzee wa kanisa aliyeshiba. Ila alinuka omena hata siku ya ibada. Hilo sabuni haikuliweza.

Nyumbani Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Barabarani ndipo alipokuwa mtu. Wanawake wa samaki walimjua kwa sauti ya honi, na wabadilishaji pesa wa Isebania walimpungia mkono. Bila lori angekuwa Okelo tu, mtu wa kuja, asiye na shamba kubwa. Hilo nalisema sasa. Wakati ule niliona tu kwamba akishuka kwenye lori anakuwa mfupi.

Mwaka ambao dada yangu Akeyo aliolewa, Nyar Suna alianza kula oili. Akeyo alikuwa kifungua mimba wetu, mrefu, mwenye pengo la meno ya juu na kicheko cha kuwaamsha kuku. Aliolewa na mtu anayeitwa Owuor, wa kule Rodi, njia ya kwenda Homa Bay. Kwa ajili yake wakwe walileta ng'ombe sita wa mahari. Nawakumbuka kuliko watu wengi niliosalimiana nao jana. Rateng' alikuwa mweusi, Rachar mweupe, Rabuor rangi ya simba, na Silwal mwekundu aliyependa kulamba chumvi mkononi mwangu. Ndama walikuwa wawili, hawana majina, nikawapa mimi: Apiyo na Adongo, ingawa hawakuwa mapacha.

Kabla mwaka haujaisha, lori likazima hapo hapo uani. Baba akamwita fundi Chacha, Mkuria wa Isebania, mtu mnyoofu sana. Chacha alifungua injini kuanzia asubuhi, akapanga vyuma juu ya gunia, kimoja kimoja, kama mama anayetandaza samaki juani. Nilikatazwa kugusa. Nikagusa pistoni moja na kupaka mafuta kwenye gauni langu la pekee, nikachapwa, lakini hayo si ya hapa.

Chacha alijifuta mikono kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Mzee, hii injini imechoka. Nikiitengeneza itakwenda. Itakwenda mpaka lini, hiyo usiniulize."

Baba alimuuliza hivyo hivyo, mara tatu, kwa maneno tofauti. Chacha alirudia jibu lake. Mwishowe akasema kama lori lingekuwa lake, angeuza vyuma anunue baiskeli. Baba hakumpa chai siku hiyo.

Mazungumzo ya Baba na Mama yalichukua wiki. Mama, ambaye wote walimwita Nyar Kanyada kwa sababu alizaliwa Kanyada, hakuwa na shida na lori kutengenezwa. Shida yake ilikuwa ni ng'ombe. Alisema ng'ombe wa msichana hawawi wako siku wanapoingia bomani. Unawachungia wenyewe mpaka mtoto wako azae huko na akae. Akeyo alikuwa hajazaa. Ndoa ikivunjika, wakwe watakuja na fimbo zao kudai kila mguu waliouleta, na usipokuwa nao, mtoto wako bado ni mke wa mtu, apende asipende.

Baba alisema Nyar Suna akitembea barabarani mwaka mmoja tu, atanunua ng'ombe wengine kumi. Akasema Akeyo ni msichana mtulivu, hana kwa nini arudi.

"Basi hiyo injini ikuzalie wajukuu," Mama akamwambia, akaenda kuteka maji.

Rateng' ndiye alikuwa wa kwanza kuuzwa. Kisha Rachar na Rabuor siku moja, kwenye soko la mifugo la Migori. Silwal alikataa kupanda kilima akakaa chini njiani, wakamvuta. Mimi nililia kwa sababu ya Silwal. Akeyo hakunijia hata akilini.

Injini ilipowaka, watu wote wa jirani walitoka nje. Baba alipiga honi ndefu, Mama akasimama mlangoni mikono ameifunga kifuani. Kwa miezi kadhaa tulikula vizuri. Nililetewa viatu vya plastiki kutoka Isebania, vya buluu, nikalala navyo. Nakiri kwamba nilimpenda Nyar Suna kuliko ng'ombe wote sita.

Akeyo alikuja asubuhi moja wakati wa palizi, kwa miguu, ana kikapu kichwani. Alijifunga kitambaa kikashuka mpaka chini ya sikio. Alipokifungua kunawa uso, niliona sikio limevimba kama kiazi. Alimwambia Mama kwamba kule harudi. Hakulia. Alisema hivyo tu, halafu akachukua jembe akaenda kulima mistari yetu ya karanga, kama mtu ambaye hajaondoka.

Alilima siku nne. Katika siku hizo nne Baba hakuingia barabarani. Alikaa karibu na lori, mara anakaza kitu, mara anafuta kioo. Bomani walikuwa wamebaki ndama wawili. Siku ya tano akaja mshenga wa ndoa ile, akanywa uji, akatazama boma, akaondoka bila kuuliza kitu. Baada yake Baba akaja jikoni. Alikuwa hana mazoea ya kuingia jikoni.

"Akeyo, usitembee tena kwa miguu," alisema. "Nitakupeleka na gari."

Alilisema kama zawadi. Nami nikalisikia kama zawadi, nikaruka kuomba niende. Mama aliweka karanga kwenye kikapu cha Akeyo, akakifunika vizuri, akakifunua, akakifunika tena.

Tulikaa watatu mbele. Akeyo alikuwa dirishani, nami katikati juu ya yale majani makavu, nikimwonea wivu kwa lile dirisha. Tulipita Rongo vizuri. Tulipokunja njia ya Rodi nikaanza kusikia injini ikigonga, taratibu kwanza, kama mtu anayebisha hodi na kungoja. Kisha harufu ikaja. Baba aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kuufunika ule mlio. Kwenye mwinuko lori likatoa pumzi moja ndefu, likasimama.

Baba alishuka, akafungua boneti. Oili ilikuwa ikidondoka chini, nyeusi, ikinywewa na vumbi. Alisimama hapo mikono imening'inia. Akeyo akafungua ile kamba ya mlango, akashuka, akajitwika kikapu. Alimtazama Baba mgongoni. Nilidhani ataelekea tulikotoka. Barabara ilikuwa wazi pande zote mbili, na hakuna aliyemshika.

"Baba, si mbali tena," alisema. "Nitafika."

Baba hakugeuka. Akasema kitu kuhusu gasket ya injini.

Akeyo akaniambia, "Kaa na Baba. Usimwache peke yake na hili gari." Kisha akaenda, kule kule kwa Owuor, na mimi nikasogea dirishani. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana kupata dirisha.

Alikaa huko maisha yake yote. Alizaa saba, akazika watatu, na sikio lile halikusikia tena. Nyar Suna alivutwa mpaka uani kwetu na hakuwaka tena. Kuku walitaga kwenye kile kiti mpaka Baba alipokufa. Mimi nilielewa siku ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe walipoingia bomani, nikamsikia Mama akimwambia Baba, polepole, kwamba hawa asiwaguse. Ndipo nikajua lile lori lilikula nini. Lilikula njia ya dada yangu ya kurudi nyumbani.

Hayo yote nilimweleza Ouma juzi, mboga ikinyauka mapajani. Alisikiliza kwa heshima, mtoto wangu ana heshima. Kisha akatazama boma, ambako wako ng'ombe wa binti yake Achieng', aliyeolewa Kendu Bay mwaka huu.

"Ni wawili tu, mama," akasema. "Na siku hizi si kama zamani."

Jana asubuhi nilikuta kamba mbili zimelala chini bomani. Leo mchana pikapu imewaka, na watoto wakapiga makofi. Jioni Achieng' akanipigia simu, anauliza habari za nyumbani. Sauti yake ilikuwa chini kidogo, nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ni uchovu tu, nyanya. Nikamwambia sisi wazima. Nikamwambia gari la baba yake limepona.