Tulijaza Upepo Darajani

Miaka ile ya vita niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya usiku, kwamba kiboko akisikia pampu ya pikipiki inapumua anadhani ni dume mwenzake amekuja kumnyang'anya wake zake. Basi anatoka majini na hasira zake zote, na haombi kitambulisho. Kwa hiyo pale kwenye matete, njia ya Gatete, mahali ambapo barabara inashuka mpaka karibu ilambe ziwa, mtu akitobokewa na mpira hapigi pampu. Hata mvua ya mawe inyeshe. Hata awe anafukuzwa.

Msinicheke. Nilikuwa mtu msomi. Shule yetu iliitwa ya usiku, ila kwa sababu ya amri ya kutotembea giza likiingia, tulisoma saa nane mchana, jua likituchoma visogo, na mwalimu akituamkia "bonswari", habari za jioni, ili utaratibu wa shule usivunjike. Nadhani katika Afrika nzima mimi ndiye mhitimu pekee wa shule ya usiku ambaye hajawahi kusoma kwa taa. Nilijua kugawa sehemu kwa sehemu. Nilijua mito ya Ufaransa. La kiboko sikulihoji hata siku moja.

Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, kwa pikipiki ya tajiri mmoja wa samaki, kutoka ufukweni hadi soko la Rumonge. Pikipiki ilikuwa yake, vyombo vilikuwa vyangu, na kwa vyombo vile nilijiona tajiri kuliko yeye. Nilikata mguu mmoja wa suruali ya jinzi, nikaushona chini, ukawa mfuko. Mguu wa pili nilimpa dereva mwenzangu, naye akaufanya hivyo hivyo, na suruali ile ikasafiri kuliko nilivyosafiri mimi nilipoivaa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vyuma viwili bapa vya kubandulia mpira, nilivyovikata kwenye springi ya lori lililoungua barabarani. Nilivisugua kwenye jiwe la ufukweni wiki nzima mpaka midomo yao ikawa laini kama ya kijiko, maana chuma chenye meno kinauma mpira wa ndani, unaziba tundu moja huku umefungua matatu. Mlikuwa na spana mbili. Kopo la maziwa nililolitoboatoboa kwa msumari, la kukwaruzia mpira ili gundi ishike. Viraka nilivyovikata kwenye mipira iliyokufa. Kichupa cha gundi. Na pampu ya mkono, ambayo ngozi yake ya ndani ikikauka haisukumi kitu, basi nikawa naipaka mawese, ikawa inanukia kama sufuria ya maharage. Kwa mfuko ule ningeweza kufungua gurudumu la ndege, abiria wakiwa ndani, na mate niliyotema mwanzo wa kazi yasikauke.

Nasema kwa kicheko, lakini mpira kutoboka wakati ule haikuwa jambo dogo. Kati ya bariyeri moja ya askari na nyingine, barabara haikuwa na mwenyewe. Mtu uliyemwona ndani ya michikichi huenda alikuwa anakata ngazi zake, mashada ya chikichi, huenda alikuwa anakungoja wewe. Tulijifunza kuziba mpira mgongo ukiwa ziwani na macho yakiwa mlimani, na vidole vikajua kazi vyenyewe. Gari lililosimama mahali pabaya tulilikuta kesho yake likitoa moshi, na hatukuuliza waliokuwa ndani ni akina nani, kwa sababu mara nyingi tuliwajua.

Habari ya kiboko sijui nani aliianzisha. Niliipokea ikiwa changa, haina hata meno: kwamba mule kwenye matete yuko kiboko mbaya, hapendi pampu. Nikailea. Ilipotoka mdomoni mwangu kiboko alikuwa mkubwa kama kanisa la parokia, amemeza gurudumu la akiba la jeep ya askari pamoja na chuma chake, na alicheua upepo siku tatu. Baada ya mwezi ikawa sheria ya sisi wote wa pikipiki: fungua popote, ziba popote, upepo jaza darajani. Daraja liko mbele ya matete, baada ya mpando mmoja mrefu. Watu wazima, wenye watoto, tulisukuma pikipiki zenye mpira mtupu kupanda mpando ule ili tusimwudhi mnyama.

Siku moja, saa sita mchana, mke wa rafiki yangu fundi wa mitumbwi alinikuta sokoni. Tulikuwa majirani. Sikuwahi kumwona bila kilemba, na siku ile kichwa kilikuwa wazi.

"Shemeji, wamemkamata."

"Nani?"

"Nani mwingine? Bwana. Alitoka asubuhi bila karangamuntu, wakamwomba, hana. Wanasema asiyekuwa na kadi ni mutu wa mulimani, mwasi. Iko brigadi sasa. Lori linaondoka na msafara wa saa tisa kwenda Bujumbura."

"Na kadi iko wapi?"

"Gatete, nyumba ya shamba. Mufuko wa koti."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mtu akiwa bado brigadi, kituo cha askari, kadi ikifika, alikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani na makofi mawili tu. Akishapandishwa lori anakuwa mzigo usio na mwenyewe. Nilishusha magunia ya tajiri palepale kwenye vumbi, nikamwambia apande.

Kwenye bariyeri askari alitia mkono ndani ya mfuko wangu, akatoa vile vyuma viwili.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kubandulia mpira, shefu."

"Mpira tu? Si milango ya watu?"

"Shefu, mlango ningeusukuma kwa bega. Mpira ndio unanishinda."

Alicheka kwa mdomo, macho hayakucheka. Akarudisha kimoja, kingine akakichomeka kwenye mkanda wake. "Hiki kinabaki na mimi. Ukirudi, utakichukua."

Tulifika Gatete, koti likapatikana, kadi ikapatikana. Aliifunga kwenye nailoni, akaitia ndani ya blauzi. Kisha badala ya kupanda, akarudi ndani akatoka na kiroba cha unga wa muhogo.

"Shemeji," nikasema, "mume yuko brigadi, wewe unafikiria ugali?"

"Endesha," akasema.

Nikaendesha. Na ukitaka kujua jinsi msumari unavyochagua mahali, ulituchagulia matete. Gurudumu la nyuma likalala chini kama mbwa. Nikatazama jua: saa nane bado kidogo. Nikatazama matete: yametulia mno. Nikafungua mfuko, nikakumbuka kwamba nina chuma kimoja.

Mpira wa pikipiki kwa chuma kimoja ni kama kukamua nguo kwa mkono mmoja. Nilibandua upande huu, ukarudi upande ule. Shemeji akapiga magoti juu ya mpira, akaulalia kwa mikono miwili kama anayekanda unga, mimi nikatumia mkia wa spana mahali pa chuma cha pili, na mkia wa spana ukafanya nilichoogopa: ukauma mpira wa ndani. Sasa matundu mawili. Nikaanza kukwaruza kwa kopo. Kwa haraka gundi ikanimwagikia gotini.

"Naenda kujisaidia," akasema.

"Usisogee majini!"

Alipita upande wa matete, akakaa kidogo, akarudi. Viraka vilikuwa vimeshika, mpira nimeurudisha, gurudumu liko mahali pake.

"Sasa upepo," akasema.

"Si hapa, shemeji. Darajani."

"Darajani? Pampu unayo mkononi!"

"Kiboko."

Aliniangalia. Uso ule naweza kuuchora mpaka leo, mimi nisiyejua kuchora hata kikombe. Nikamweleza haraka haraka: dume, wake zake, gurudumu la jeep, yote. Nilisahau tu kucheka.

"Kwa hiyo huwezi kupiga pampu hapa? Hata leo?"

"Hata leo. Tukiliwa hapa, kadi itafika na nani?"

Akatazama jua, akatazama matete, akashika kifua pale kadi ilipokuwa. Hapo ndipo sauti ikatoka ndani ya matete: kikohozi. Kifupi, kikavu, mara mbili.

"Umesikia?" Nilikuwa nimeshakamata usukani. "Ni yeye!"

Aliyageuzia matete mgongo.

"Ni yeye," akasema. "Tusukume."

Pikipiki yenye mpira mtupu ina uzito wa ng'ombe aliyekataa kwenda sokoni. Huwezi kuikimbiza, utaukata mpira wa ndani kwenye shina la kujazia upepo na kazi yote imekufa. Shemeji alivua kandambili, akashika keria kwa nyuma akaiinua ili gurudumu lisibebe uzito, na tukapanda ule mpando hivyo, mimi nikivuta, yeye ameinama kama mtu aliyebeba jeneza. Nilisikia analia. Nilidhani analia kwa ajili ya uzito na saa. Nikampa moyo, nikamwambia tumeponea chupuchupu.

Darajani nilipiga pampu mpaka mikono ikafa ganzi. Kwenye bariyeri yule askari hakuwepo, na chuma changu hakikuwepo. Tukapita.

Mbele ya brigadi wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu wameinyoosha, jinsi wanavyokaa kwenye matanga. Vumbi la msafara lilikuwa bado linaning'inia juu ya barabara ya Bujumbura. Shemeji alikimbia na kadi ameinyanyua juu ya kichwa. Mlinzi aliipokea, akaisoma mbele na nyuma bila haraka, akamrudishia.

"Kadi ni nzuri," akasema. "Mutu ameondoka."

Jioni ile, nikimshusha nyumbani, niliona kiroba cha unga hakipo. Nikamwambia kimeanguka njiani, pole. Akasema, "Kimeanguka, ndiyo."

Rafiki yangu alirudi baada ya masika mawili. Alirudi mwenyewe, kwa miguu, tukashukuru Mungu, wengine wa lori lile hawakurudi kabisa. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na tezo, chombo chake cha kuchongea mitumbwi, alikishika kama kitu cha kuazima. Baadaye akaacha. Mimi nililaumu msumari, nikamlaumu askari na chuma changu, na zaidi ya wote nikamlaumu kiboko. Kila nilipopita matete yale nilimtukana kimoyomoyo, nikiwa kwenye gia ya nne.

Vita ikaisha. Nikabaki na mfuko wangu wa vyombo, vyuma viwili vipya, na hadithi. Hadithi ile niliisimulia kwenye kila mkeka ulionipokea, na kiboko hakuacha kukua. Siku ya posa ya binti wa rafiki yangu niliisimulia tena, nyumbani kwao wenyewe, sinia la wali na samaki wa mikeke katikati yetu. Nilipofika pale dume linapokohoa, nikakohoa, na wageni kutoka Nyanza-Lac wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Rafiki yangu alitabasamu. Alikuwa anakula kwa kijiko, peke yake katikati yetu tuliokula kwa mikono.

Shemeji alikuwa ameleta maji ya kunawa. Akabaki amesimama na birika.

"Shemeji," akasema, "hadithi hiyo sasa basi."

"Nimekosea wapi? Na wewe ulikuwepo! Ulimsikia kwa masikio yako."

Akatua birika chini.

"Hakukuwa na kiboko. Mule kwenye matete tulikuwa tunaficha watu, siku ile kumi na mmoja, wanangoja mutumbwi wa kuvuka kwenda Kigoma. Mutumbwi alikuwa anautengeneza huyu. Sisi ndio tuliosema kiboko, ili pikipiki zisikawie pale. Aliyekohoa alikuwa mutoto. Unga niliwapa wao."

Hakuna aliyekuwa anatafuna. Nilimtazama rafiki yangu, naye alikuwa anatazama kijiko chake.

"Lakini ungeniambia," nikasema. "Ungeniambia palepale, ningepiga pampu. Tungewahi lori."

"Ungepiga, kiboko asingetoka," akasema, "na jioni soko zima la Rumonge lingejua kwamba hakuna kiboko."