Mistari Mitatu Iliyopinda

Jumamosi za Agosti, pamba ikishatoka mashambani, watumishi wa Bariadi huja kwa kina Salu, njia ya Zagayu, kutembea. Hupita kwanza kwenye mizabibu, kisha huingia kwenye ngitili, ule msitu unaofungwa ili majani yabaki kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Wakishapanda hadi mwambani hushuka kula zabibu na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kivulini. Anayewaongoza ni mzee Bujiku Salu. Anayewapokea ni shemeji yake, Mwalimu Justa, mwalimu mkuu mstaafu na mjane, ambaye hata akienda kisimani kanga yake haina mkunjo.

Kila kundi husimuliwa jinsi Bujiku alivyokwenda Dodoma akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, akarudi kwa treni hadi Malampaka na vipande vya mizabibu ndani ya gunia lililoloweshwa maji, na kutoka hapo akavileta kwa baiskeli. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli, ila Bujiku hajawahi kufika Dodoma. Aliyefika ni mdogo wake Mhoja, mume wa Justa.

Huko Dodoma Mhoja alijifunza pia kutengeneza mvinyo, na mvinyo ukamshinda. Asubuhi moja ya Pasaka walimkuta kwenye mchanga wa mto amekufa, chupa ubavuni. Binti yao Harieth alikuwa bado hajaanza shule. Kijiji kikaanza kusema "shamba la mlevi", na Justa, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa hao hao waliosema, hakuweza kulivumilia neno hilo. Wageni wa kwanza walipokuja kuuliza shamba ni la nani, alijibu bila kusita, "Ni la shemeji yangu."

"Sasa mimi nitasema nini?" Bujiku alilalamika wageni walipoondoka. "Mimi mtu wa ng'ombe. Treni yenyewe naiona ikipita tu."

"Nitakufundisha."

Alimfundisha kweli, kama mtoto wa darasa la pili. Dodoma, Manyoni, Tabora, Shinyanga, Malampaka. Rudia. Bujiku alirudia, kwa sababu shemeji yake alikuwa amesoma na yeye hakusoma. Miaka ikapita, na kijiji nacho kikazoea kuliita shamba la Bujiku.

Jumamosi hii Harieth, ambaye ni muuguzi mjini, alikuja na wenzake wa kazini. Kwenye simu alikuwa amemwambia mama yake, "Nakuja na mtu." Mtu mwenyewe alikuwa Lusajo, kijana wa maabara kutoka Tukuyu, mpole, anayeamkia kwa mikono miwili.

"Kijana," Bujiku alimtazama miguuni, "viatu hivyo ni vya kutembelea au vya harusi?"

"Vyote viwili, mzee."

Wenzake wakacheka. Harieth akainamia kamba za raba zake.

Bujiku alisimulia treni na gunia. Alipomaliza, Lusajo alisogea pembeni mwa shamba. "Mzee, mistari yote imenyooka kama imepigwa rula. Hii mitatu ya mwanzo mbona imepinda?"

Bujiku alimgeukia Justa. Hilo hakufundishwa.

"Ni upepo," alisema mwishowe. "Upepo wa huku unapinda."

Wakacheka tena. Justa naye alitabasamu, akawahimiza waingie kwenye ngitili.

Ndani ya ngitili njia ni nyembamba, watu hufuatana mmoja mmoja. Justa alitembea nyuma ya binti yake na yule kijana, na sauti zao zilimfikia vizuri kuliko alivyotaka.

"Na baba yako mzazi alikuwa anafanya nini?" Lusajo aliuliza.

"Sijui. Mama hamzungumzii. Nadhani hakuacha kitu, hata jembe." Harieth alisema bila uchungu, kama anayeeleza kwamba mvua haijanyesha. "Nilisomeshwa kwa zabibu za baba mkubwa. Hata ukileta posa, atakayekaa mbele ni yeye."

Mwiba ulishika kanga ya Justa. Aliivuta, ikachanika, akaendelea kupanda.

Kutoka mwambani shamba lote linaonekana. Wengine walipiga picha. Justa aliitazama ile mistari mitatu, imejikunja kama mgongo wa mtu anayeumwa. Alikuwa amedhani anaficha chupa tu. Kumbe alikuwa amemnyang'anya marehemu hata mikono yake, na mtoto amekua akiamini ametokana na mtu bure. Akisema leo, atasema mbele ya kijana ambaye kwao lazima watauliza binti ni wa ukoo gani. Asiposema, posa itapokelewa juu ya uongo wake. Aliteremka.

Kivulini, Harieth alichukua kishada cha zabibu. "Asante, baba mkubwa."

Bujiku alitazama chini. "Mshukuru Mwalimu," alisema.

Justa aliinuka. "Lusajo, uliuliza habari ya mistari. Njoo. Na wewe Harieth."

Alisimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza. "Tulipima kwa kamba ya katani. Mimi nilishika mwisho huu, yeye ule, anachomeka vijiti kwa kufuata kamba. Nilikuwa na mimba yako. Uchungu ulianza nikajikaza, lakini kila ulipokuja niliegemea upande. Alipoinua kichwa, mistari mitatu ilikuwa imepinda na mimi nimekaa chini. Jioni hiyo ukazaliwa. Baadaye nilimwambia aipime upya, akakataa. Akasema hii mitatu ni ya mtoto."

"Nani alikataa?"

"Baba yako. Mhoja. Shamba hili alilipanda yeye. Baba yako mkubwa hajawahi kufika Dodoma."

"Hata Tabora," Bujiku alisema, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Alikufa kwa ulevi," Justa aliendelea, na sasa alikuwa anamtazama Lusajo usoni. "Kwa mvinyo wa zabibu hizi hizi. Niliona aibu, nikamtoa shambani mwake."

Harieth hakulia. "Mimi nimekuwa nikimwonea aibu mtu aliyenipandia haya yote," alisema taratibu. "Na wewe unanisikia, mama. Unanyamaza."

Harieth aligeuka akaufuata mstari, mkono ukigusa mzabibu baada ya mzabibu pale unapopinda. Lusajo alitaka kumfuata, Bujiku akamshika shati.

"Muache. Wewe kaa hapa ule michembe, mkwe."

Justa alibaki palepale alipowahi kushika kamba, kanga yake ikiwa na tundu. Kule mwisho barabara ya mjini ilikuwa karibu, na binti yake angeweza kuishika asigeuke nyuma. Harieth alifika mwisho, akasimama.

"Baba alishikia kamba hapa?" aliuliza kwa sauti.

"Nyuma kidogo," Justa alijibu.

Harieth akarudi nyuma hatua moja.