Miaka Kumi na Mmoja ya Kola

"Mimi nimeleta kitambaa cha mtoto wa miaka kumi, wewe umenishonea shati la mwanasesere!"

Ni saa moja asubuhi. Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya jirani amesimama mlangoni, ameshika shati jeupe kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Nyuma ya cherehani amekaa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kola.

"Kola nzuri, sikatai. Kola ya dukani kabisa," anaendelea mwalimu. "Lakini bega moja limekwenda shule, lingine limebaki nyumbani. Na vifungo havifiki! Mtoto akivuta pumzi, vinaruka."

"Mwalimu, nipe nafasi nyingine."

"Si uliniambia umeshona kiwandani miaka kumi na mmoja?"

"Nimeshona."

"Umeshona nini?"

"Kola," anasema Mama Kola.

Mwalimu anacheka bila kutaka, kisha anakasirika kwa sababu amecheka. Anaweka mezani lile shati na kitambaa kingine.

"Leo saa tisa. Ukiniletea shati moja la maana, sare arobaini ni zako. Usipoleta, nampa fundi wa sokoni. Mimi nina shule, sina chuo cha ushonaji."

Anaondoka. Mama Kola analitazama lile shati, na shati nalo ni kama linamtazama.

Hakusema uongo. Kiwandani alikuwa akishona kola mia nne kwa siku. Wa mikono alishona mikono, wa vifungo alishona vifungo, na vipande vyote vilikuja mezani vimeshakatwa.

"Shati zima nilikuwa naliona likiingia kwenye sanduku," anasema. "Kwaheri ya kuonana."

Mwaka jana oda za nje zilikoma. Kwanza waliondolewa watu kumi na wanane, naye akiwa mmoja wao. Baada ya miezi minne wote mia mbili na sitini walikuwa nje, na getini kulibandikwa karatasi iliyosema ni hali ya uchumi.

"Hiyo hali ya uchumi sijawahi kuiona uso," anasema, "lakini kwangu inakula kabla ya watoto."

Nyumba anayopanga ina vyumba saba. Zamani alfajiri watu waligombania bafu. Siku hizi hakuna foleni, maana hakuna anayewahi popote. Mpishi wa hoteli aliyepunguzwa kazi analala hadi jua limpige miguuni. Karani wa benki hunyoosha shati lake kwa pasi kila asubuhi, akalivaa, akakaa kizingitini. Binti wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akipokea simu kwenye kampuni ya bima, huitikia kwa sauti ya ofisini hata anapoitwa kuteka maji.

Mume wa Mama Kola ni fundi wa kupiga lipu. Jengo alilokuwa akilifanyia kazi limekwama ghorofa ya tatu, nondo zikiwa zimeelekea mbinguni kama zinazoomba. Huondoka na mwiko wake mfukoni kutafuta kibarua na kurudi nao msafi. Watoto wao watatu wanakula mara mbili kwa siku. Wazazi wanakula mara moja.

Leo mume hakwenda kokote. Alikuwa kitandani nyuma ya pazia, akisikia yote.

"Mama watoto," anasema. "Nenda kwa Bwana Saa."

"Kwa nani?"

"Umenisikia."

Bwana Saa alikuwa mkuu wa chumba cha kukatia vitambaa kiwandani na msimamizi wa mstari wao wa cherehani. Jina hilo wafanyakazi walimpa kwa sababu aliwahesabia dakika walizokaa chooni. Ndiye aliyeandika majina ya wale kumi na wanane, na la Mama Kola likawa la kwanza. Wiki tano baadaye naye akatolewa. Sasa anauza mayai ya kuchemsha karibu na kituo cha mafuta.

"Afadhali nile udongo," anasema Mama Kola.

"Udongo nao siku hizi unauzwa."

"Alinihesabia dakika nikiwa na mimba ya miezi minane!"

"Najua. Umenisimulia mpaka naota mimi ndiye niliyekuwa na mimba. Lakini yeye anajua kukata, wewe hujui. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miaka kumi na mmoja. Mgongo wenyewe ndio huu."

Mume anavuta shuka. Anajifunika hadi kidevuni, mtu mzima, saa mbili asubuhi.

Ni hilo shuka, Mama Kola atasema baadaye, lililomwinua. Anakunja kitambaa, anachukua mkasi na lile shati baya, anatoka bila kuaga.

Bwana Saa anamwona tangu mbali, anaweka ndoo ya mayai chini.

"Kama umekuja kunitukana, jipange. Wenzako watatu wameshapita. Mmoja alikula yai kwanza."

"Ningetaka kukutukana ningekuja zamani. Tazama hili."

Bwana Saa haulizi hali, anaanza kazi: analigeuza shati ndani nje, anapitisha kidole kwenye mishono.

"Ulilaza shati kuukuu juu ya kitambaa, ukalizungushia chaki."

"Ndiyo."

"Ukakata juu ya mstari."

"Nikate wapi tena?"

"Nje ya mstari. Upana wa kidole, pande zote. Hiyo ndiyo nyama ya mshono. Vipande vyenu vilikuwa vinakuja nayo."

"Miaka yote hiyo hukutuambia."

"Hamkuuliza. Na mimi nililipwa ili msiulize."

Gari linajaza mafuta, linaondoka. Halafu Bwana Saa anasema, bila kuombwa: "Niliambiwa nitoe majina kumi na wanane kabla ya chakula cha mchana. Nikaanza na waliokaa karibu na mlango."

Mwaka mzima Mama Kola amejiuliza alikosea wapi.

"Nilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga," anasema.

"Najua."

Hamsamehi, wala yeye haombi. Wamechoka wote wawili. Lakini saa tisa haimsubiri mtu.

"Sare arobaini zikipatikana, tunagawana sawa," anasema Mama Kola. "Na hunihesabii dakika."

"Saa yenyewe nimeshaiuza."

Bwana Saa anahamisha mayai, anapangusa meza yake ya biashara kwa mkono wa shati, anatandaza kitambaa na kuchora. Kisha ananyoosha mkono apewe mkasi.

Mama Kola hampi.

"Usinikatie. Nionyeshe," anasema. "Safari hii nataka kulijua shati zima. Nikifukuzwa tena, nifukuzwe nikiwa fundi."

Anaweka kidole nje ya mstari wa chaki, anapima, anakata.