Rangi ya Kucha kwenye Memori

Kabla ya kuwa fundi wa kompyuta, Wariara alipaka watu rangi ya kucha kwa miaka tisa, katika ghorofa ileile ya Nakuru ambako sasa ana meza yake. Saluni ilipofungwa, alibaki na mkono usiotetemeka na chupa moja ya rangi nyekundu.

Chupa hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Watu huogopa kumwachia fundi mashine, wasije wakarudishiwa ikiwa na matumbo ya mashine nyingine. Kwa hiyo Wariara huifungua laptopu mbele ya mwenyewe, na mwenyewe hutia alama ya rangi kwenye kila kipande, kinachotoka na kinachoingia. Cha zamani hufungwa kwenye bahasha, aende nacho nyumbani.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Linah, mwanafunzi wa uzamili kutoka Njoro, amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Kwa misimu miwili alikuwa amepiga picha za mashamba ya ngano, akitafuta dalili za kutu, ugonjwa unaoharibu majani. Kila alipojaribu kuziunganisha ziwe ramani moja, mashine iliganda. Alhamisi wahadhiri walitaka kuiona ramani hiyo. Wakala wa kampuni iliyotengeneza laptopu alimwambia ilihitaji memori zaidi, ila yao ingechukua wiki sita kufika, na kwamba akitia ya kampuni nyingine ataiua mashine.

"Memori haisomi jina lililo kwenye kifuniko," Wariara alisema, akitafuta bisibisi. "Inataka aina yake, kasi yake na mahali pa kukaa. Hii niliyo nayo inaingia hapo sawasawa."

Linah akatia alama, akihesabu kwa sauti siku zilizobaki hadi Alhamisi. Wariara, kwa kumwonea huruma, hakungoja rangi ikauke. Akakipachika kipande na kuwasha.

Kioo kikabaki cheusi.

Alipoirudisha memori ya zamani, mashine iliamka. Alipoitia mpya, ikazimika tena. Linah hakulia, alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba wakala alimwonya.

"Mathe wa kucha," Sitati, muuza kava za simu wa meza ya pili, akadakia, "hiyo ungeisuka nywele kwanza."

Wariara akainamia mashine. Akakichomoa kile kipande, akakielekeza dirishani. Juu ya meno yake ya dhahabu, yale yanayoshikana na mashine, palikuwa na mchirizi mwekundu mwembamba kama unywele.

"Si memori," akasema. "Ni mimi na haraka yangu."

Akachukua pamba na spiriti, akafuta jino baada ya jino kama alivyofuta kucha za maharusi. Akangoja meno na rangi vikauke, mara hii kweli, kisha akakirudisha kipande na kuwasha. Kioo kikawaka.

Linah akafungua picha zake. Walikunywa chai kikombe kizima wakitazama shamba likiungana na shamba, kutoka Njoro kupanda hadi Molo, bila mashine kuganda. Ramani ilipokamilika, Linah alikigusa kioo kwa kidole, kama anayehakikisha haitatoweka.

"Alhamisi nitafika," alisema, akitia bahasha mkobani.

Alipoondoka, Sitati alisogea, akauliza kama mtu anayepita tu: laptopu yake kuukuu, nayo ingeongezwa memori?

Wariara akamsukumia chupa. "Weka alama pembeni, boss, mbali na meno. Halafu tutangoja ikauke."